Bwana McMillan wa Nairobi na biblioteki yenye jina lake



Ukurasa huu tumezoea kuujaza na maisha ya watu wenye jina waliokufa zamani: wamisionere, wafalme, waganga waliogundua dawa. Safari hii mutashangaa kidogo. Tumechagua tajiri mumoja, muwindaji wa simba, asiyejulikana kwa kuandika wala kwa kufundisha.

Sababu yetu ni ile kabati. Ninyi wote munaijua. Vitabu vilivyokuwa ndani vilitolewa na rafiki wa shule miaka mingi mbele yetu sisi kufika. Aliyekuwa na ufunguo alihamishwa, ufunguo ukaenda naye, na siku kufuli ilipovunjwa tulikuta mchwa wamemaliza kusoma mbele yetu. Sasa kuna ahadi ya vitabu vingine. Komite ya wanafunzi imekaa mara mbili, na mara mbili tumeachana bila kupatana, juu ya ulizo moja tu: vitabu vikifika, vitakuwa vya nani? Vya shule? Vya kanisa? Vya sheferi, ili hata watoto wa vijiji wapate kuviazima? Mumoja wetu akauliza kama muji ao sheferi inaweza kweli kuwa na biblioteki yake, kwa sheria. Hakuna aliyejua kujibu. Njo tukaanza kutafuta, na kutafuta kulitufikisha mpaka Nairobi, kwenye nyumba ya huyu Bwana.

William Northrup McMillan alizaliwa mwaka 1872 katika muji wa St. Louis, Marekani. Baba yake alipata utajiri kwa kutengeneza wago za treni, na mutoto akakuta meza imekwisha kutandikwa. Mwaka 1894 alioa bibi Lucie Webber. Mushike vizuri jina la huyu mama, maana bila yeye habari hii ingeishia mu kaburi.

McMillan hakupenda kukaa mu ofisi kuhesabu feza za baba. Alikuwa mutu munene sana, lakini unene haukumuzuia kutembea dunia. Mwaka 1903, kwa ruhusa ya Menelik, mufalme wa Ethiopia, alijaribu kushuka muto Nile ya Buluu na mashua za chuma. Sisi watu wa Luapula tunajua jambo lile lingeisha namna gani. Kutoka ziwa Mweru mashua inafika vizuri hapa Kasenga, lakini ukipanda mbele zaidi unakutana na maporomoko ya Mambilima, na pale hata mufalme anashuka na kutembea kwa miguu. Mashua za McMillan zilivunjika juu ya mawe mbele ya kwenda mbali, na safari ikaishia pale.

Kisha akageukia inchi ambayo leo inaitwa Kenya. Treni ya Waingereza ilikuwa imefika ziwa Victoria tangu 1901, na Leta ya wakoloni ilitafuta Wazungu wa kulima kando ya reli. McMillan alipata shamba kubwa upande wa Thika, akajenga nyumba na kuiita Juja, jina ambalo muji wa pale unalo mpaka leo. Alikuwa na maelfu ya ekari, kuendelea mpaka mulima Ol Donyo Sabuk, ambao kwa Kimasai maana yake ni mulima mukubwa, na kwa Kiswahili unaitwa Kilima Mbogo.

Ekari zile hazikuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya mwaka 1902 ilisema kama udongo ule ni wa mufalme wa Uingereza, na Leta ina ruhusa ya kuwagawia wageni. Wakamba, Wakikuyu na Wamasai walioishi na kulisha wanyama pande zile hawakuulizwa. Kwa karatasi tu, inchi ya watu wengi ikawa shamba la mutu mumoja. Tunalisema mapema, sababu katika habari hii yote karatasi njo zinafunga milango na karatasi njo zinaifungua.

Wageni walifika Juja kama nyuki. Mwaka 1909 alifika Theodore Roosevelt mwenyewe, aliyekuwa ametoka tu kwenye cheo cha Rais wa Marekani, akakaa kwa McMillan kuwinda. Watu wa Nairobi walimujua McMillan kwa mukono wazi na kwa meza isiyokauka. Hatutaongeza sana hapa. Habari za uwindaji ziko tamu lakini zinafanana.

Vita vya 1914 vilipoanza, aliingia jeshi la Waingereza pamoja na muwindaji mwingine mwenye jina, Selous, katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichopigana na Wadachi mu Tanganyika. Ni vita vile vile ambavyo babu zetu wa Force Publique walipigana, wakafika Tabora mwezi wa 9 mwaka 1916, na wabeba mizigo wengi wa kwetu hawakurudi. Selous aliuawa mwaka 1917. McMillan aliishi, na mwaka 1918 mufalme wa Uingereza alimupa cheo cha Sir. Nyuma ya vita akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Musidanganyike na jina lile zuri: walowezi Wazungu walianza kuchagua watu wao mu baraza mwaka 1920, lakini Mwafrika wa kwanza hakuketi mule mpaka 1944.

Alikufa mwaka 1925, akiwa mbali, huko Ulaya. Alitaka kuzikwa juu ya Ol Donyo Sabuk, na maiti yake ikarudishwa Kenya. Ule mulima unapita metre 2.100. Watu wanasimulia kama njia ilikuwa kali, sanduku lilikuwa zito, gari lilishindwa, na mwisho wakamuzika njiani mbele ya kufika kwenye kichwa cha mulima. Kaburi liko pale mpaka leo, ndani ya bustani ya wanyama ya Leta.

Kwa kawaida ukurasa wetu unafungwa hapa, kaburi likisha kufunikwa. Lakini kazi ambayo inatuma watu wataje jina la McMillan kila siku mu Nairobi ilianza akiwa amekwisha kufa. Muke wake Lucie hakutaka sanamu ya jiwe. Alitaka biblioteki. Alitoa feza, na shirika la Carnegie la Marekani likasaidia. Nyumba ilijengwa katikati ya muji, karibu na musikiti wa Jamia, na nguzo ndefu kwenye uso wake kama hekalu la Waroma, na simba wawili wa mawe wanaochunga ngazi. Tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka 1931 gavana Sir Joseph Byrne aliifungua.

Aliifungulia nani? Wazungu tu. Mwafrika na Muhindi walilipa kodi mu Nairobi kama wengine, lakini kiti cha kusomea hawakukipata. Mwafrika aliweza kuingia na ufagio. Kuingia kusoma, hapana. Sisi tulipofika kwenye neno hili tulikasirika, na mumoja wa komite alisema tuache habari hii, tutafute mutu mwingine. Tulibishana. Mwishoni tuliona kama hapa njo penye fundisho tulilokuwa tunatafuta, maana zawadi ilikuwa nzuri na mulango ulikuwa mubaya, na aliyebadilisha mulango hakuwa mutoa zawadi.

Mwaka 1938 Leta ya Kenya ilitunga sheria juu ya ile biblioteki moja peke yake. Si sheria ya biblioteki zote. Ni ya ile nyumba tu, na jina lake limeandikwa ndani. Sheria iliweka nyumba na vitabu katika mikono ya wachungaji wa mali (si wachungaji wa kanisa, wandugu) ambao kazi yao ni kuchunga kitu kisicho chao kwa faida ya wengine. Mutu hawezi kuamuka siku moja na kuuza nyumba, wala kuigeuza duka. Wachungaji wa mali wanaweza kufa ao kuhama, na nyumba inabaki nyumba ya vitabu. Kwa wakati ule faida iliandikiwa Wazungu. Lakini muliangalie vizuri jambo hili: sababu mali ilikuwa imefungwa na sheria na si na kufuli ya mutu, siku sheria na watawala walipobadilika, mali ilikuwa bado iko pale, nzima, ya kufunguliwa.

Sasa tujibu lile ulizo letu la muji. Mwalimu wetu wa somo la uraia alitueleza hivi, na sisi tunalirudilia kwa maneno yetu. Mutu wa kawaida anaweza kufanya kila jambo ambalo sheria haimukatazi. Baraza la muji haliko vile. Lenyewe linaweza kufanya lile tu ambalo sheria inaliruhusu, sababu feza zake si zake, ni za walipa kodi. Kama hakuna sheria inayosema muji unaweza kununua vitabu, burgumestre anayenunua vitabu anakosa, hata kama moyo wake ni mweupe.

Jambo hili lilimugusa hata Carnegie, yule ambaye shirika lake lilisaidia bibi McMillan. Andrew Carnegie alizaliwa Scotland mwaka 1835 katika nyumba ya mufumaji masikini, akahamia Marekani akiwa mutoto, akatajirika na chuma. Mwaka 1881 aliahidi muji wa Pittsburgh dola 250.000 za kujenga biblioteki, kama muji utatoa kiwanja na dola 15.000 kila mwaka za kuitunza. Muji ulikataa! Si kwa kiburi. Sheria ya jimbo lao haikuruhusu baraza kutumia kodi kwa biblioteki. Ilibidi wangoje mpaka sheria mupya ya 1887. Carnegie akarudi mwaka 1890 na dola milioni moja, na biblioteki ikafunguliwa 1895. Miaka 14 ilipita, na feza zilikuwa tayari tangu siku ya kwanza! Mu Uingereza vilevile, sheria ya 1850 iliruhusu miji kutoza kodi ndogo sana kwa biblioteki, lakini kwa nyumba, mataa na mishahara tu. Kununua vitabu kwa kodi ile ilikatazwa mpaka sheria ya 1855. Tulicheka sana tuliposoma hivi, kisha tukakumbuka kabati yetu, tukanyamaza.

Carnegie alisaidia kujenga biblioteki zaidi ya 2.500 katika dunia. Katika miji mingi ya Marekani hakutoa feza mpaka muji uahidi kutoa kila mwaka asilimia 10 ya ile zawadi, kwa kazi ya biblioteki. Wengine walimuona mugumu. Sisi tunaona alijua mchwa.

Turudi Nairobi. Mwaka 1962, uhuru ukiwa karibu, biblioteki ya McMillan iliingia mikononi mwa Baraza la Muji wa Nairobi. Mwaka ule ule Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika wa ule muji. Nyumba iliyokuwa ya rangi moja ikawa ya kila mutu wa Nairobi, na sheria ya zamani haikutupwa. Ilitengenezwa ili baraza likae pahali pa wachungaji wa mali wa kwanza. Bibi Lucie hakuona siku zile. Alikufa mwaka 1957, akazikwa mulimani kando ya bwana wake.

Baraza lilifanya neno moja ambalo wachungaji wa zamani hawakulifanya: lilipeleka vitabu kwenye makao ya wafanyakazi, upande wa mashariki wa muji, kwa kuwa na biblioteki ndogo mbili, moja Kaloleni na moja Makadara. Mutu anayeishi chumba kimoja na watoto watano anahitaji meza ya kusomea kuliko tajiri mwenye salo. Mwaka 1965 Leta ya Kenya ikatunga sheria ingine ya biblioteki za inchi nzima, na tangu hapo biblioteki za Leta na zile za muji zilikwenda kila moja njia yake.

Tukiishia pale tungekuwa tunawadanganya. Sheria inatoa ruhusa, haitoi rangi ya kupaka ukuta. Miaka ilipita, feza za baraza zilikwenda kwingine, nyumba ya simba wawili ikachoka, vitabu na magazeti ya zamani yakajaa vumbi. Katiba mupya ya Kenya ya mwaka 2010 iliandika waziwazi kama biblioteki ni kazi ya serikali za kaunti. Baraza la Muji likaisha 2013, na Kaunti ya Nairobi ikarizi nyumba, vitabu na vumbi vyote pamoja.

Kisha wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange, mwandishi, na Angela Wachuka, mutoa vitabu, wakaanzisha shirika Book Bunk ili kutengeneza zile biblioteki tatu. Walikuwa na nia na akili, na waliweza kutafuta feza. Hata hivyo hawakuvunja kufuli. Walikwenda kwanza kwa Kaunti, na mwaka 2018 wakapatana nayo kwa maandiko, sababu sheria imeweka biblioteki mikononi mwa Kaunti. Walianza na zile ndogo, Kaloleni na Makadara, na nyumba zile zikatengenezwa na kufunguliwa tena. Sisi tunapenda sana kwamba hawakuanza na ile kubwa yenye nguzo.

Na sisi wa Kasenga? Tulisoma Katiba yetu ya mwaka 2006. Inasema kama muji, komine, sekta na sheferi ni watu mbele ya sheria: vina mabaraza yao na mali yao. Teritwari haiko katika ile hesabu. Administrateri wa teritwari ni mukono wa Leta kuu, anafanya kazi ya Leta kwa jina la Leta. Basi wale wa komite waliotaka tuandikie teritwari ili vitabu viwe mali yake walikosa njia, na sisi tuliowacheka tulikosa vilevile, maana tulisema hakuna anayeweza. Sheferi inaweza kuwa na mali. Kanisa pia, na shule kupitia kanisa. Kinachobaki ni kuandika ni nani.

Njo komite imefanya hivi. Tumeandika karatasi moja ya kurasa mbili na kuiweka kwa Bwana Prefe. Inasema vitabu ni vya shule, lakini si kwa wanafunzi peke yao: siku ya posho nyuma ya saa sita, mutu yeyote wa hapa anaweza kuja kusoma, mukubwa kwa mutoto, wa kanisa letu ao wa kanisa lingine, bila kuulizwa. Inasema funguo zitakuwa mbili, na mwenye ufunguo akihamishwa anautoa mbele ya kupanda motokari, na kutia sahihi. Inasema kila mwaka sehemu ndogo ya feza za wanafunzi itatoka kwa dawa ya mchwa na kwa gundi. Asilimia ngapi, hatujapatana. Wengine wanataka 10 kama Carnegie, wengine wanasema Carnegie hakusoma shule ambapo chaki inakosekana.

Sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka nyuma ya Egzamu ya Leta, na karatasi ile itabaki na ninyi wa nyuma. Iko imebandikwa kwenye mulango wa darasa la sita. Mwenye neno la kuongeza ao kuondoa aliandike na jina lake, alipeleke kwa katibu wa komite mbele ya siku ya tano, sababu Bwana Prefe atasoma yote siku hiyo jioni, na ameomba yasiandikwe kwa kalamu ya risasi.